Fundi Anajibu: Niunganishe Kompyuta au Ninunue Iliyo Tayari?

Maswali ya safu hii yanajibiwa na fundi wa kompyuta mwenye chumba cha matengenezo Mwanga, Kigoma. Wateja wake wanamwita Mama Fundi.

SWALI

Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Gungu. Nahariri video za harusi, sendoff na kipaimara, na mara mojamoja natengeneza mabango. Muda wote huu natumia laptopu ya kaka yangu, na sasa anaitaka mwenyewe. Nimedunduliza Sh 1,500,000. Kijana mmoja wa mtaani anayecheza gemu ananiambia nisinunue kompyuta nzima, ninunue vifaa Kariakoo kimoja kimoja niunganishe, nitapata mashine kali kwa bei ndogo. Baba mdogo anasema huo ni mchezo wa watoto, ninunue iliyokamilika yenye waranti. Video zote nilizotazama mtandaoni zinamuunga mkono yule kijana. Dada yangu yuko Dar es Salaam, anaweza kuninunulia. Nimsikilize nani?
Mhariri wa harusi, Gungu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Jibu ni fupi, maelezo ndiyo marefu. Kwa kazi unayofanya, kwa fedha uliyonayo na kwa kuwa unaishi Kigoma, nunua kompyuta ya ofisi iliyotumika, ya tawa, yaani lile kasha refu la kusimama, yenye prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kisha uiongezee RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, na SSD, yaani diski ya kasi ya kuhifadhia. Kuunganisha mpya kusubiri.

Huyo kijana hakudanganyi. Wale anaowatazama wanalinganisha mashine mpya ya kuunganisha na mashine mpya ya dukani, tena katika nchi ambako maduka ya vipuri yanashindana vikali na kifaa kibovu kinarudishwa kwa posta. Kwa hesabu hiyo wako sahihi. Baba mdogo naye ana lake la maana, nitalifikia. Ila wote wawili wameliruka soko ambalo ndilo linalotulisha sisi huku: mashine za mtumba zilizotoka kwenye ofisi za Ulaya na Marekani. Kampuni kubwa kule hukodi au hununua kompyuta mamia kwa mamia, huzitumia miaka mitatu, minne, kisha huzitoa zote kwa mkupuo hata kama bado ni nzima. Wafanyabiashara wanazichukua kwa jumla, wanazisafisha, wanazileta. Ndiyo maana HP EliteDesk, Dell OptiPlex au Lenovo ThinkCentre iliyokuwa ghali ikiwa mpya unaipata Kariakoo kwa bei ambayo kiwanda chenyewe hakiwezi kuigusa. Hakuna mpangilio wa vifaa vipya unaoweza kushindana na hiyo kwa bei. Kwa nguvu ndiyo, kwa bei hapana.

Sasa hesabu. Bei nitakazotaja ni makadirio ya zile ninazotajiwa na wauzaji ninaoagiza kwao. Winga, yaani dalali wa Kariakoo, atakutajia nyingine, na mwezi ujao zitakuwa nyingine tena. Mpangilio ambao kijana wako angekuandikia, ukiwa wa kiasi, ni huu: prosesa ya Ryzen 5 5600G kwa Sh 400,000, mazabodi, yaani bao kuu linalobeba vifaa vyote, ya B550 kwa 280,000, RAM ya GB 16 katika vipande viwili kwa 300,000, SSD ya NVMe ya GB 500 kwa 150,000, pawa saplai ya wati 550 ya kuaminika kwa 160,000 na kasha lenye feni kwa 120,000. Hapo umefika Sh 1,410,000 na bado huna cha kutazamia. Skrini ya inchi 24 ya mtumba, kibodi na mausi, UPS, yaani betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, na nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam vinakula kama Sh 390,000. Jumla 1,800,000. Bado leseni ya Windows, na bado mkono wa fundi kama hutaunganisha mwenyewe.

Hiyo RAM ya laki tatu itakushtua, kwa sababu video ulizotazama zinaitaja kwa bei ndogo zaidi. Angalia tarehe zake. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda dunia nzima. Viwanda vikubwa vya chipu hizo ni vitatu, Samsung na SK Hynix vya Korea Kusini na Micron ya Marekani, na vimeelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Mpangilio uliokuwa nafuu mwaka 2023 leo si nafuu tena, na mwenye kuumia zaidi ni yule anayenunua kipande kimoja kimoja kwa rejareja. Mashine ya mtumba inakuja na RAM yake ndani. Hata hao wauzaji wameanza kuongeza bei, lakini hawajafikia huko.

Upande wa pili: EliteDesk 800 G4 ya tawa, au OptiPlex 7060, yenye Core i5-8500, RAM GB 8 na SSD GB 256, weka Sh 550,000. Ongeza RAM GB 8 kwa 150,000 na SSD ya pili ya GB 500 kwa 150,000. Hiyo ni 850,000. Ongeza ile 390,000 ya skrini, UPS na nauli, umefika 1,240,000. Inabaki 260,000 mkononi, na nitakuambia pa kuipeleka. Kuhusu mashine mpya kabisa ya dukani anayoitaka baba mdogo, ile yenye i5 ya kisasa, ukiiona chini ya milioni mbili pamoja na skrini nishtue na mimi nije ninunue.

Je, hiyo i5-8500 itaweza kazi yako? Itaiweza. Ina viini sita, yaani sehemu sita zinazofanya kazi kwa pamoja, na ndani yake Intel ameweka sehemu maalumu ya kusoma na kuandika video za H.264 na HEVC, ndizo ambazo kamera na simu nyingi zinarekodi. Programu kubwa za kuhariri zinaitumia sehemu hiyo. Harusi iliyorekodiwa kwa 1080p utaihariri bila kugugumia. Ukiletewa 4K, iambie programu itengeneze nakala nyepesi za klipu, ukate kwa hizo, halafu mwishoni itoe kazi kwa zile halisi. Wahariri wenye mashine za mamilioni wanafanya hivyohivyo.

Kwa nini nasisitiza tawa? Kwa sababu winga atakuletea ile nyembamba ya kulala, ambayo kwa lugha ya kiwanda inaandikwa SFF, na atakuambia ni ileile. Kwa ofisi ni ileile. Kwako si ileile. Ile nyembamba inaingiza kadi ya picha fupi tu, isiyo na waya wake wa umeme, yaani inayoridhika na wati 75 za kwenye mazabodi. Tawa ina nafasi ya kadi, ya diski na ya hewa. Hata hivyo ujue mapema: pawa saplai za HP na Dell za ofisi nyingi hazina ile plagi ya kawaida ya pini 24, na mazabodi zake hazihamii kwenye kasha lingine kirahisi. Ukinunua mashine hizi unanunua mwili mzima. Utaongeza RAM, utaongeza diski, pengine kadi ndogo, basi.

Sasa niseme jambo linalonikera kweli. Mtu anafika mezani kwangu na mashine aliyoagiza, nauliza ni prosesa gani, anajibu "Core i5". Hakuniambia kitu. Core i5 zimekuwepo tangu 2009. Kuna i5-650 ya 2010 yenye viini viwili, na kuna i5-12400 ya 2022 yenye viini sita, na zote zimeandikwa i5 kwenye kibandiko cha mbele. Core i3-12100 inaiacha mbali i5-6500. Kwa hiyo mwambie dada yako asikubali jina, adai namba. Tarakimu zinazotangulia ndizo kizazi: 6500 ni cha 6, 8500 ni cha 8, 10500 ni cha 10. Akishindwa kuisoma namba, asome jina la mashine: EliteDesk 800 G3 ni kizazi cha 6 au 7, G4 ni cha 8, OptiPlex 7050 ni cha 6 au 7, 7060 ni cha 8, ThinkCentre M710 na M720 zinafuata mpaka huohuo.

Mpaka huo si wa kubuni. Windows 11 inadai kwa upande wa Intel kizazi cha 8 kwenda mbele, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi za Ulaya zimezitupa za kizazi cha 6 na cha 7 kwa wingi, na sokoni zimejaa kwa bei ya kuvutia mno. Winga atakusifia bei. Wewe unatafuta chakula kwa mashine hiyo miaka minne ijayo, na programu za kuhariri ndizo zinazowahi kuacha mfumo wa zamani. Ongeza fedha uchukue ya kizazi cha 8.

Sasa hoja ya baba mdogo kuhusu waranti, maana hapa ndipo penye gharama ambayo haimo kwenye orodha ya mtu yeyote. Tuseme umeunganisha mpya, umewasha, feni zinazunguka na skrini ni nyeusi. Muuzaji wa RAM anasema tatizo ni mazabodi. Muuzaji wa mazabodi anasema RAM haikukaa vizuri, au prosesa. Muuzaji wa prosesa anasema yake ilikuwa nzima, umeikunja pini mwenyewe. Kila mmoja ana waranti ya kipande chake na hakuna mwenye waranti ya kompyuta. Aliye Dar es Salaam anapanda daladala na kasha lake mapajani, wanajaribisha palepale kaunta. Wewe kati yako na kaunta hiyo kuna zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Kipande kinakwenda na basi, kinakaa kusubiri dada apate nafasi, kinarudi na basi, na si ajabu kikarudi ndicho kilekile. Wakati huo bwana harusi anakupigia simu.

Mimi nikiletewa EliteDesk au OptiPlex iliyozima, najua pa kuanzia kwa sababu rafu yangu ina mashine mbovu za aina hiyo za kutolea vipuri. Natoa pawa saplai kwenye moja, napachika kwenye yako, nusu saa tumejua. Mafundi wengi wa hapa mjini wako hivyo, na hata wanaovuka na maboti kutoka Kalemie au Bujumbura kuja kununua wanatafuta mashine hizohizo kwa sababu hiyohiyo. Mazabodi ya B550 ya ziada ya kukujaribishia siipati kwa jirani. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kompyuta nafuu na kompyuta nafuu Kigoma, na ukiijua utaelewa kwa nini sishangai wala simkatalii kijana wako, namwambia tu kwamba hesabu yake ni ya mahali pengine.

Waranti ya mtumba nayo usiipambe. Mara nyingi ni wiki kadhaa, ikizidi ni miezi michache, na ni neno la muuzaji. Dada achukue risiti ya EFD yenye jina la mashine na namba yake ya kiwandani, ile inayoitwa serial number, na kabla ya kulipa aiwashe na kuiacha iwake muda wa kutosha kunywa chai. Aweke programu ya bure ya CrystalDiskInfo aone afya ya SSD na saa ilizofanya kazi. Achomeke kitu kwenye kila tundu la USB. Anuse pawa saplai. Harufu ya kuungua haifichiki. Aangalie kama BIOS, programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows, imefungwa kwa nywila ya ofisi ilikotoka, kwa sababu nywila hiyo kwenye mashine za kazi haitoki kwa kung'oa betri ndogo kama mafundi wa zamani wanavyodhani. Na mashine hizi nyingi zina leseni ya Windows ndani yake tayari. Akiona imeandikwa kwamba Windows imethibitishwa baada ya kuunganishwa na intaneti, umeokoa fedha nyingine ambayo mwenye kuunganisha angeilipa.

Ile Sh 260,000 iliyobaki sasa. Usiile na usiipeleke kwenye kadi ya picha. Nunua diski ya nje ya kuhifadhia kazi za wateja, kwa sababu harusi ya mtu hairudiwi, na kilichobaki ongeza kwenye UPS uchukue nzuri zaidi. Kigoma iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla ya gridi kutufikia, na watu wakadhani gridi ikifika UPS zitakuwa mapambo. Umeme bado unakatika, na kurudi kwake ndiko kunakoua vifaa. Halafu kuna radi. Mashariki ya Kongo, ng'ambo yetu hapo, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi kuliko zote duniani, na mvua zetu zinaanza Oktoba au Novemba hadi Aprili, Mei. Ukisikia inanguruma kutoka ziwani, zima, chomoa plagi ukutani, na uchomoe pia waya wa intaneti kama unao. Waya wa intaneti watu wanausahau, na mazabodi zinaungulia hapo.

Yule kijana naye nimpe haki yake, maana kuna siku nitamtumia mteja aende kwake. Ukitaka kuingia kwenye picha za 3D, au gemu nzito, au ukiwa na kazi za 4K kila wiki, tawa ya ofisi itakwama na hapo kuunganisha ndiyo njia. Na kama mtu anataka ufundi wenyewe, aunganishe hata kesho, ajifunze. Elimu hiyo ina thamani. Siku hiyo ikifika kwako hutaanza sifuri: skrini, UPS, SSD na hata RAM yako, ambayo ni ya aina ya DDR4, vitahamia kwenye mashine yenye tundu la prosesa la AM4 kama hiyo ya Ryzen 5 5600G. RAM itakimbia polepole kidogo kuliko inayofaa, lakini itafanya kazi. Ndiyo maana nimekupa kizazi cha DDR4 pande zote mbili.

Ila siku hiyo uwe macho na mitego mitatu ambayo nimeiona ikiwamaliza vijana wenye akili kabisa. Wa kwanza ni herufi. Prosesa ya Intel inayoishia na F, mfano i5-12400F, haina sehemu ya kutoa picha ndani yake; ni nafuu kidogo, na bila kadi ya picha skrini itabaki nyeusi milele. Kwa Ryzen ya kizazi hicho ni kinyume: 5600 tupu haina picha, 5600G inayo. Wa pili ni BIOS. Mazabodi ya zamani ya B450 inaweza kukataa Ryzen ya familia ya 5000 mpaka BIOS yake isasishwe, na nyingine zinahitaji kwanza prosesa ya zamani ili zisasishwe. Dar es Salaam utaazimwa. Hapa utaitafuta nyumba kwa nyumba. Dada amwombe muuzaji aiwashe mazabodi na prosesa yako pamoja kabla havijafungwa.

Wa tatu ni pawa saplai, na hapa sitapunguza sauti. Kuna makasha yanauzwa yakiwa na pawa saplai ya bure imeandikwa wati 500. Iinue mkononi: ni nyepesi kama mkate. Ndani hamna koili wala kapasita za kutosha, na ulinzi wa umeme kupanda haupo. Inawasha, inakwenda miezi, halafu siku umeme unarudi kwa kishindo inaondoka na mazabodi, na pengine prosesa na diski yenye kazi za watu. Tafuta yenye alama ya 80 Plus kutoka kampuni inayojulikana, na kama fedha inapungua punguza kwenye kasha, kwenye taa za rangi, hata kwenye prosesa. Taa za rangi hazijawahi kuhariri video.

SWALI

Mama Fundi, habari za kazi. Shule yetu ya sekondari iko wilaya ya Kasulu. Wazazi na wadau wamechangia ili tuwe na chumba cha kompyuta, lengo ni mashine kumi za kuanzia. Mwalimu mwenzangu anapendekeza tununue vifaa, wanafunzi wenyewe waunganishe ili wajifunze. Unaonaje?
Mwalimu, Kasulu

JIBU

Salama, mwalimu. Wazo la mwenzako ni zuri kwa mashine moja. Kwa tisa nyingine hapana.

Nunueni za mtumba, zote za aina moja na kizazi kimoja, kutoka kwa muuzaji mmoja. Nguvu ya mpango huu ni ufanano: ukiijua moja umezijua zote, ikifa ya nane unatoa RAM yake, SSD yake na pawa saplai yake ukaziponya nyingine. Kwa hiyo kama fedha inaruhusu kumi na moja, nunueni kumi na moja, na hiyo ya ziada ndiyo wanafunzi waifungue na kuifunga hadi waichoke. Watajifunza zaidi kwa kuibomoa kuliko kwa kutazama mtu akiunganisha mpya mara moja. Na kama shule ni ya serikali, zungumzeni mapema na halmashauri kuhusu utaratibu wa manunuzi kupitia mfumo wa NeST, msije mkamleta muuzaji kisha mkakwama kwenye malipo.

Kuhusu kizazi, kwenu nitasema tofauti na nilivyomwambia binti wa Gungu. Za kizazi cha 6 zinatosha kufundishia kuandika, majedwali na intaneti, mradi muweke mfumo wa Linux Mint au Ubuntu badala ya Windows, pamoja na programu za ofisi za LibreOffice, ambavyo ni vya bure na havihitaji intaneti kila siku. Hii inafaa ikiwa kuna mwalimu aliye tayari kuijifunza. Kama hayupo, lipieni kizazi cha 8 muweke Windows 11. Mfumo usio na wa kuusimamia utafunga chumba kabla ya muhula kwisha.

Umeme usiwatishe. Mashine ndogo ya ofisi na skrini yake, kwa kazi nyepesi, weka wati 60. Kumi ni wati 600. Zikiwaka saa nne kwa siku, siku 20 za masomo kwa mwezi, ni uniti 48. Kwa LUKU ya daraja la kawaida, ambapo Sh 10,000 inakupa uniti 28 hivi, ni kama Sh 17,000. Kinachowahi kuua vyumba vya kompyuta vya shule ni vumbi jekundu. Fungeni madirisha wakati wa kufagia, fagieni kwa kitambaa chenye maji, na kila likizo fundi azipulize kwa upepo akiwa nje ya chumba.

SWALI

Dada, mimi niko Ilagala, natumia sola nyumbani. Nataka kufungua kazi ya kuchapa barua na kurekodi nyimbo za kwaya. Nichukue ya mezani au laptopu? Au niunganishe inayokula umeme kidogo?
Mwanakwaya, Ilagala

JIBU

Ndugu yangu, usiunganishe. Tafuta zile ndogo za mtumba zinazotosha kiganjani, EliteDesk Mini au OptiPlex Micro, zenye prosesa inayoishia na herufi T. Hizo zimetengenezwa kwa wati 35, na chaja yake inafanana na ya laptopu. Kwa kazi uliyoitaja, mashine pamoja na skrini ndogo itakula kama wati 45.

Betri ya sola ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwa jina. Kama ni ya asidi, tumia nusu tu usiiue, yaani 600. Ukitoa kinachopotea kwenye inveta, mini hiyo itakupa kama saa kumi na moja. Kompyuta ya gemu inayovuta wati 200 ingeimaliza betri ileile kwa saa mbili na nusu. Laptopu ingekupa muda zaidi kidogo kuliko mini, na ina betri yake ndani, lakini ya mtumba betri hiyo huwa imechoka, na kibodi yake ikifa unatengeneza kwa gharama. Ya mini unanunua nyingine. Kwa kwaya nunua pia kifaa cha nje cha kuingizia maikrofoni kwa USB, kwa sababu tundu la sauti la kompyuta hizi lina mlio wa chinichini utakaousikia kila wanakwaya wakinyamaza.

Inveta iwe ile ya wimbi safi. Ya bei rahisi itaingiza mlio kwenye rekodi na kuchemsha chaja. Na betri iwe ya sola kweli, siyo ya gari: ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, ukiikamua polepole kila usiku itakufa mapema.